Fedha za Utafiti Zisije Leo Zikaondoka Leo

Mada iliyotolewa Tanga mjini mbele ya walimu wa sayansi, watafiti vijana, madiwani na wananchi

Waheshimiwa madiwani, walimu wetu, wazee wetu, kina mama, vijana wa vyuo na shule: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mji wetu una sifa yake ya siku nyingi: waja leo, waondoka leo. Mchana wa leo maneno hayo tunayaweka juu ya jambo moja tu, nalo ni fedha za serikali kwa utafiti wa sayansi na kompyuta. Uchache wa fedha hizo unajulikana na kila mtu anausema. Lakini tukikagua miradi iliyokufa, mingi tunaikuta ilipewa fedha. Zilikuja kwa kishindo, zikakatika. Au zilikuja nje ya msimu. Au zilinunua mashine, asipatikane wa kuitunza. Hapo ndipo tutakapokaa.

Tuanze na mkonge, maana hapa hakuna asiyeujua. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62. Hiyo kila mtoto wa Tanga ameisikia. Isiyosimuliwa sana ni kazi ya miaka iliyofuata. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, juu huko Usambara Mashariki. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Amani, na baadaye wa kituo cha Mlingano kilichoanzishwa 1934 kwa mchango wa serikali na wenye mashamba, wakaanza kuchavusha aina mbalimbali za mkonge kwa mkono.

Sasa itazameni kazi yenyewe. Mkonge hutoa mlingoti wa maua mara moja tu maishani, na ukishachanua unakufa. Kwa mkonge wa kawaida wa hapa kwetu, ua hilo huja baada ya miaka saba hadi kumi hivi. Mtafiti anayetaka kuchanganya aina mbili anangoja ua. Akipata mbegu anapanda, anahesabu majani, anapima singa, anangoja tena. Akitaka kumrudisha chotara kwa mzazi wake mmoja, anangoja mara nyingine. Hivyo ndivyo kilivyopatikana chotara namba 11648: aina ya amaniensis, yenye jina la Amani yetu, ilichanganywa na angustifolia, kisha mtoto wao akarudishwa kwa amaniensis. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 katika uhai wake. Namba 11648 hutoa kama 600. China waliichukua katika miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo wanayoilima zaidi.

Mradi wa miaka mitatu usingeipata 11648. Ungefungwa mlingoti haujatoka.

Wala kazi haikuishia hapo. Aina hiyo ina adui wake, ugonjwa wa madoa ya majani ambao dunia nzima unaitwa kwa jina la Korogwe, na huishambulia kuliko mkonge wa kawaida. Jani lenye madoa likipita korona, ile mashine ya kutenga singa na nyama ya jani, singa hutoka na dosari. Kwa hiyo hata aina iliyokwisha kupatikana inataka mtu wa kukaa nayo mwaka hadi mwaka, akihesabu mimea yenye madoa, akitenga miche safi. Kazi hiyo haina uzinduzi wala utepe wa kukata, na kwa sababu hiyo huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Mfano wa pili uko Korogwe hiyo hiyo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987, kampuni ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani. Majaribio makubwa yalianza 2009 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati ya hivyo ni Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Hesabuni: miaka 34. Katika muda huo Tanzania imebadilisha dawa ya kwanza ya malaria mara mbili, kutoka klorokwini kwenda SP (sulfadoxine-pyrimethamine) mwaka 2001, na kutoka SP kwenda dawa mseto mwaka 2006. Aliyegundua kwamba dawa inashindwa ni mtu aliyekuwa akipima vimelea mwaka baada ya mwaka, hata miaka ambayo hakuna jipya.

Kukatika nako tunakujua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo uliondolewa Amani ukapelekwa Muguga, Kenya. Hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzwa kukusanywa Amani mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na iko huko mpaka sasa. Amani ikabaki na utafiti wa malaria, chini ya utawala wa pamoja wa Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mlipaji akatoweka, ikabidi Bunge litunge sheria mwaka 1979 ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anayetaka leo kulinganisha mmea wa Usambara na ule uliokusanywa miaka 100 iliyopita anaanza kwa kukata tiketi ya Nairobi.

Huenda mtu akasema hayo ni ya mashamba na mbu, kompyuta ni biashara ya makampuni. Toeni simu zenu mifukoni. Intaneti ilianzia kwenye mtandao uliolipiwa na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1969 chuo cha UCLA kilijaribu kutuma neno moja kwenda Stanford Research Institute. Zikafika herufi mbili, L na O, mashine ya upande wa pili ikakwama. Kanuni za mawasiliano zinazotumika leo ziliandikwa mwaka 1974 na Vint Cerf na Bob Kahn, zikaanza kutumika rasmi 1 Januari 1983. Miaka 13 tangu zile herufi mbili, serikali ikilipa. Wavuti ulitoka CERN, maabara inayolipiwa na serikali za Ulaya, ukaachiwa watu wote bure tarehe 30 Aprili 1993. Google ilichipuka Chuo Kikuu cha Stanford ndani ya mradi wa maktaba za kidijitali wenye fedha za umma. Akili unde inayozungumzwa kila kijiwe sasa ilipitia kipindi ambacho watu wengi waliiona haina maana. Mwaka 2004 taasisi moja ya Canada, yenye fedha za serikali ndani yake, ikakubali kumshika mkono Geoffrey Hinton na wenzake. Matokeo makubwa yalikuja 2012.

Tena M-Pesa, ambayo mama muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga anaitumia kutwa. Kabla ya kuanza Kenya Machi 2007 na kuingia hapa 2008, majaribio yake yalipata karibu pauni milioni moja kutoka serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya maendeleo, Vodafone nayo ikaweka fungu la kulingana na hilo. Kampuni haikuwa tayari kubeba peke yake hatari ya jambo lisilojulikana. Hiyo ndiyo kazi ya fedha za umma: kubeba hatari ya mwanzo.

Kwetu sisi msingi wa sheria upo. Mwaka 1968 liliundwa Baraza la Taifa la Utafiti, na Sheria namba 7 ya 1986 ikalibadili kuwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pamoja na mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sisi takwimu zimekuwa zikituweka kwenye takribani nusu ya hiyo. Korea Kusini na Israeli wamepita asilimia 4.

Historia ya kompyuta serikalini nayo ina somo ambalo tusiliruke. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ilikuwapo, ila Watanzania waliofunzwa kuiendesha walikuwa wachache mno na wataalamu wakawa wa kukodi. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa. Fedha zilikwenda kwenye chuma, hazikwenda kwa watu, na gharama yake ikalipwa na kizazi cha wanafunzi ambao hawakugusa kompyuta.

Sasa tuingie jikoni, kwenye bajeti yenyewe, tuone fedha zinavyopotea njia bila mtu kuiba hata senti.

Bajeti ya serikali imegawanyika sehemu mbili: matumizi ya kawaida na miradi ya maendeleo. Mshahara wa mtafiti uko kwenye matumizi ya kawaida, unaingia kila mwezi. Vitendanishi vya maabara, mafuta ya gari, posho za vijana wa kukamata mbu, vipuri na diski za kuhifadhia data viko kwenye matumizi mengineyo au kwenye maendeleo, na huko fedha hutoka kufuatana na makusanyo. Makusanyo yakilegea, mshahara haukatwi, na ni haki usikatwe. Kinachokatwa ni kitendanishi. Mwisho wake mtafiti mwenye shahada ya uzamivu analipwa mwaka mzima akikaa karibu na friza tupu. Kwa hiyo neno "zimetengwa" lisitufurahishe mapema. Fedha zilizotengwa ni ahadi. Zilizotolewa ndizo fedha.

Chukueni mradi wa mbu wa vijiji vinne vya Muheza. Swali lake ni hili: ni jamii gani ya mbu wa malaria inayouma ndani ya nyumba, na dawa ya kwenye chandarua bado inamuua? Njia inajulikana. Mtego wa taa una balbu ndogo, feni na mfuko wa wavu, unaendeshwa na betri ya volti 6. Unaning'inizwa kama mita 1.5 kutoka sakafuni, upande wa miguu wa kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nyumba 10 kila kijiji ni mitego 40, na betri ziwe 80, kwa kuwa moja inachajiwa wakati nyingine inafanya kazi. Anayenunua betri 40 kwa kubana matumizi hupoteza nusu ya usiku wake wa kazi, na data yake inakuwa na mapengo ambayo hakuna programu ya kuyaziba.

Asubuhi mbu wanatengwa kwa hadubini, kila mmoja kwenye kichupa chake chenye punje za silika za kunyonya unyevu. Silika ikikosekana, kwa unyevunyevu wa mkoa huu mbu anaota ukungu ndani ya siku chache na hafai tena. Kisha jamii ya gambiae haitofautishwi kwa macho: gambiae mwenyewe, arabiensis, na merus anayezaliana kwenye maji ya chumvi huku pwani, wote sura moja. Kinahitajika kipimo cha vinasaba, na vimeng'enya vya kipimo hicho hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Haya, tazameni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mbu lazima wahesabiwe kabla ya masika na wakati wa masika, yaani Januari hadi Mei, la sivyo hakuna cha kulinganisha. Tuseme fungu la kwanza limetoka mwishoni mwa Oktoba, na hiyo ni bahati. Zabuni inaingizwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, inatangazwa, inatathminiwa, mkataba unasainiwa: Desemba hiyo. Msambazaji anaagiza nje, wiki nane hadi kumi na mbili. Vimeng'enya vinakuja kwa ndege ndani ya barafu kavu, na barafu hiyo hudumu siku chache tu. Barua ya msamaha wa kodi isipokuwa mkononi mwa wakala wa forodha kabla ndege haijatua, sanduku linalala uwanjani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu linatolewa, limefika, limesainiwa, vilivyomo vimekufa. Hakuna atakayejua mpaka kipimo kigome wiki tatu baadaye, na hapo kila mtu atamlaumu fundi wa maabara.

Yote yakienda vizuri vifaa vinafika mwanzo wa Machi. Vijana wanafunzwa wiki mbili. Mvua imeshanyesha, barabara ya Amani inateleza, na idadi ya mbu kabla ya masika haipo tena, mwaka mzima umekwenda. Tarehe 30 Juni fedha ambazo hazijatumika zinatakiwa kurudi Hazina. Ndipo Juni kunakuwa na pilika za ajabu: semina, kompyuta mpakato, matairi. Watu hawa si wabadhirifu. Wanakimbizana na tarehe.

Kuna jambo dogo linaloumiza sana, nalo ni masurufu, yaani fedha za kazi anazopewa mtumishi kabla ya safari. Mtafiti anachukua masurufu kwenda shamba, na haruhusiwi kuchukua mengine kabla ya kurejesha ya kwanza kwa risiti. Bodaboda anayempandisha milimani Amani hana mashine ya EFD ya kutolea risiti. Mzee wa kijiji aliyetoa chumba cha kuchajia betri hana. Mtafiti anazungusha karatasi wiki nne, na mbu hawamngoji. Dawa yake ni ya kiofisi tu na haihitaji shilingi moja: fomu ya malipo madogo ya kijijini, yenye kikomo kinachojulikana, ikisainiwa na mtendaji wa kijiji, na malipo yenyewe yapitie simu ili kumbukumbu ibaki.

Kwa kalenda, dawa tunazoziona zinafanya kazi ni hizi. Fedha za utafiti zipewe ruhusa ya kuvuka mwaka, zibaki kwenye akaunti ya mradi mpaka kazi iishe, zikikaguliwa kama kawaida. Vitendanishi vinunuliwe kwa mikataba ya muda mrefu inayohudumia taasisi nyingi, ili mtafiti aite mzigo kwa oda badala ya kuanza zabuni upya kila mwaka. Na fungu la kwanza la mradi wa shambani litoke Julai au Agosti, hata likiwa robo tu. Robo inayofika Agosti inafanya kazi kubwa kuliko jumla inayofika Aprili.

Kompyuta nazo zina shimo lao, kwa sababu bei ya kununulia inaonekana na bei ya kuishi nayo haionekani. Tupige hesabu hapa hapa. Seva moja ya utafiti inakula wati 500 hivi usiku na mchana. Seva 10 ni kilowati 5, ambazo kwa mwaka ni uniti 43,800. Joto lote hilo lazima litolewe chumbani, na kiyoyozi kwa hali ya hewa ya Tanga kitaongeza asilimia 60 hivi, uniti 26,280. Jumla uniti 70,080. Kwa shilingi 292 kwa uniti, bila kodi, ni zaidi ya shilingi milioni 20 kwa mwaka. Andiko la mradi ambalo halina mstari huo linamwachia mkuu wa chuo deni la umeme, naye atafanya anachoweza: atazima.

Betri za kulinda seva umeme ukikatika zimepimwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25. Kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa kwetu kinafika nyuzi 33 bila taabu, kwa hiyo betri ya miaka mitano itakufa kwenye wa tatu. Halafu kuna upepo wa chumvi. Dirisha likifunguliwa kupunguza joto, vumbi lenye chumvi linakaa juu ya bodi, linavuta unyevu, na baada ya miezi kadhaa vituo vya shaba vinaota kijani. Chumba kizibwe, kiwe na chujio la hewa, na seva zisikae upande wa bahari. Diski zihesabiwe umri wa miaka mitatu hadi mitano. Data ikae nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo. Hakuna la ajabu katika haya. Ila kila moja ni mstari wa bajeti, na mstari unaofutwa kwanza huwa ni wa ile nakala ya tatu.

Mashine kuukuu za msaada tuzipokee kwa macho mawili. Nyingi zinakula umeme mara mbili au tatu ya mpya kwa kazi ile ile, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni nani atalipa umeme wake na kipuri kitatoka wapi.

Kazi yenyewe ya kompyuta siku hizi ni kubwa hata kwa wanaoshughulika na mbu na vimelea. Kimelea cha malaria kina herufi za vinasaba milioni 23. Binadamu ana bilioni 3. Sampuli moja ya binadamu iliyosomwa vizuri inaweza kuacha faili la gigabaiti 100 hivi, kwa hiyo watu 10 ni terabaiti moja. Kuituma kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, laini yote ikiwa yako, ni siku tisa na ushee. Kwa megabiti 100 ni saa 22. Mradi unaopata fedha za kusoma vinasaba usipate za laini utaishia kubeba diski begani, na uchambuzi utafanywa na mwenye kompyuta, popote alipo. Jina la kwanza kwenye makala litakuwa lake. Mabadiliko ya kimelea yanayodhoofisha dawa mseto yameshaonekana Kagera. Yakishuka huku pwani ni lazima tuyaone sisi wenyewe, kwa mashine zetu, mwezi huo huo.

Na yote haya yanamhitaji mtu: msimamizi wa seva. Akifunzwa vizuri, benki inamchukua mwaka wa pili, na hatumlaumu, ana watoto. Bajeti ya utafiti iwe na nafasi mbili za kazi hiyo, si moja, na ngazi ya mshahara inayotambua ujuzi. Aliye peke yake akiondoka Ijumaa, Jumatatu hakuna anayejua nywila.

Liko jambo moja ambalo mkoa huu unaweza kulianza bila kungoja Dodoma. Mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta uko Helsinki, Finland, ambako Arvi Hurskainen na wenzake waliianza kazi hiyo. Toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini sauti ya Kimtang'ata cha Tongoni, lahaja ya wazee wetu, haimo kwenye mashine zinazodai kuelewa Kiswahili, na wanaoizungumza vizuri wana miaka 70.

Gharama yake tuihesabu wazi. Sauti ya kipaza kimoja, sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16, ni megabaiti 115 kwa saa. Saa 100 ni gigabaiti 11.5, zinaingia kwenye flashi ya mfukoni. Kinachogharimu ni mikono: saa moja ya sauti hutaka saa tano hadi nane za kusikiliza na kuandika. Saa 100 basi ni saa 500 hadi 800, sawa na siku 63 hadi 100 za mtu mmoja anayefanya saa nane. Vijana wawili, chini ya miezi mitatu, tena waliolelewa Tongoni au Pangani ili wasimsahihishe mzee kwa Kiswahili cha shule. Rekodi chumbani penye mikeka na mapazia, feni izimwe, kipaza kiwe kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni. Kila msemaji asaini ridhaa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu sauti yake pia, na aelezwe kwa lugha yake itatumiwaje. Nakala tatu, moja ibaki maktaba ya mkoa. Halmashauri inayojenga matundu ya choo kwa mapato ya ndani inaiweza kazi hii.

Fedha za kudumu zitoke wapi kwa taifa zima? Mifano tunayo. Barabara zina mfuko wake unaolishwa na tozo ya mafuta. Mawasiliano vijijini yana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006, ambao makampuni ya mawasiliano huchangia. Mlingano yenyewe iliishi kwa mchango wa wenye mkonge. Tunaona sehemu ndogo, ya kiwango kilichoandikwa kwenye sheria, ya tozo za mawasiliano iende kwenye mfuko wa COSTECH kwa utafiti wa kompyuta. Isisitizwe ndani ya sheria, maana mfuko unaoishi kwa hisani ya waraka hufutwa kwa waraka. Hata sheria hubadilishwa: mwaka 2018 ushuru wa kusafirisha korosho, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ikirudi kwenye zao, ulielekezwa wote Mfuko Mkuu, na watafiti wa zao hilo wakabaki kuomba kama wengine.

Waheshimiwa madiwani, mwongozo wa bajeti hutolewa karibu na Novemba. Mapendekezo hupitiwa Januari hadi Machi, Bunge linaketi Aprili hadi Juni. Barua inayotaka kubadili kitu iandikwe kabla ya Desemba. Ya Mei ni ya kumbukumbu tu. Utafiti uko Fungu 46, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na sehemu nyingine imetawanyika kwenye kilimo, afya na mifugo na uvuvi, kwa hiyo ombeni takwimu za kila wizara. Kwenye kila kasma, yaani kila mstari wa bajeti, kuna namba tatu za kuuliza: iliyoidhinishwa mwaka jana, iliyotolewa hadi sasa, inayoombwa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwekwa mezani Aprili, ilinganisheni na hizo.

Na mkikutana na mbunge wenu, muulizeni na namba ya nne, ambayo haimo kwenye kitabu: katika fedha zilizotolewa kwa vituo vya Muheza, Mlingano na Korogwe, kiasi gani kilifika kabla mvua ya masika haijaanza?

Asanteni sana. Tuko tayari kwa maswali.